Mashine ya Mkunga

"Imekufa tena," mkunga alisema. Aliiweka mashine ya gemu mezani ikiwa imeviringishwa kwenye taulo, kama alivyozoea kuviringisha vitu vingine.

"Mapema hivi?" fundi akauliza.

"Kifo hakina ratiba."

Fundi hakucheka. Aliisogeza kando redio aliyokuwa akiifungua, akafuta meza kwa kiganja. Hii ilikuwa mara ya nne. Mtaa mzima ulijua kwamba kitu kikipita mikononi mwake hakirudi. Kuna pasi aliyowahi kuitengeneza ambayo ilikuwa imeshawazika wenyewe wawili na sasa ilikuwa kwa mjukuu. Mashine hii peke yake ndiyo iliyokuwa ikimtia doa.

"Fundi mzuri hujulikana kwa mteja asiyerudi," dada yake alisema bila kuinua macho. Alikuwa mshonaji. Ndugu hao wawili waligawana chumba hicho kimoja cha kazi, yeye na cherehani yake dirishani, kaka na nyaya zake ukutani.

"Shona," fundi akamwambia.

Siku ya kwanza alipokuja, mkunga alieleza bila haya kwamba mashine ni yake mwenyewe, asisingiziwe mtoto wa mtu. Akitoka zamu, baada ya saa kumi na mbili za makelele ya watu, hurudi nyumbani, huvua viatu, huketi sakafuni na kuwafunga mabao watu asiowajua hadi roho itulie. Fundi aliyawaza maneno hayo wiki nzima. Mkunga aliporudi kuichukua, ilibidi ijaribiwe, na fundi akashika pedi ya pili, kwa ajili ya kupima tu. Alifungwa sita bila. Upimaji ule ulichukua saa mbili, na dada akamaliza mapazia ya nyumba nzima.

Kwa kawaida mkunga huiacha mashine na kwenda zake. Leo alivuta benchi, akaketi, mkoba magotini.

"Leo nasubiri. Wananitaka hospitali kuu. Nikikubali uhamisho, naondoka wiki ijayo, na hii naondoka nayo. Kwa hiyo niambie ukweli, fundi. Inapona au haiponi?"

Cherehani ikanyamaza.

"Ni mbali?" fundi akauliza.

"Kutwa nzima kwenye basi."

"Tuiangalie," alisema.

Akaichomeka. Hakuna taa, hakuna feni. Akabadilisha waya, akabadilisha na soketi. Kimya kile kile. Akaitoa kwenye umeme, akafungua skrubu zote nane na kuinua kifuniko. Akainamia kona moja ya bodi kwa kioo cha kukuzia, akakaa hapo muda mrefu. Akapagusa kwa ncha ya bisibisi. Palikuwa imara. Akakunja uso.

"Vipi?" mkunga akauliza.

"Hapa pazima."

"Si ndiyo vizuri?"

"Ndiyo," fundi alisema, kama mtu aliyepokea taarifa ya msiba.

Akairudishia waya kwa muda, akachukua kipima umeme. Fyuzi nzima. Umeme ulikuwa unafika salama; ulikuwa unasimama mlangoni tu, hakuna wa kuuambia upite ndani. Basi tatizo lilikuwa kwenye kitufe cha kuwashia. Akachomoa ule utepe mwembamba wa nyaya unaotoka kwenye kitufe, akautazama ncha yake.

Juu ya shaba zake palikuwa na kipande cha plasta ya vidonda. Kilikuwa kimekatwa kwa mkasi, upana sawasawa na utepe, pembe zake zimefanywa mviringo ili zisibanduke. Fundi alikitazama kwa heshima. Yeye mwenyewe asingekikata vizuri zaidi.

Akakibandua kwa kibano, akakiinua kwenye mwanga.

"Mkunga, hii imeingiaje humu?"

Mkunga hakupepesa jicho. "Plasta huwa zinapotea sana pale hospitali. Hatujui huwa zinakwenda wapi."

"Na skrubu nilizikuta zimekazwa vizuri, zote."

"Mimi nikifungua kitu, fundi, siachi wazi."

Dada akasimama, akasema anakwenda kununua uzi. Alikuwa na makasha matatu ya uzi chini ya meza. Akatoka, na kwa mara ya kwanza tangu wapange chumba kile, akaurudishia mlango.

Mkunga alikuwa akiutazama mkoba wake. "Barua inataka jibu Jumatatu," alisema. "Niandike nini?"

Fundi alikilaza kile kipande cha plasta mezani, taratibu, kana kwamba kingeweza kuumia.

"Andika hapana," alisema. Akaona jibu ni fupi mno kwa jambo kubwa kama lile, akaongeza, "Tafadhali."

"Na wakitaka sababu?"

"Sababu nitakuja kukueleza nyumbani. Kesho jioni, kama huna zamu."

"Sina zamu."

"Basi."

Akarudisha utepe mahali pake, akachomeka waya, akabonyeza. Taa ikawaka, feni ikavuma. Mkunga akainuka, akakunjua taulo, akanyoosha mikono aichukue.

"Subiri kidogo," fundi alisema.

Akaizima, akaigeuza, akawasha chuma cha kulehemu, ili aiondoe ile kasoro aliyoitegesha yeye mwenyewe mara ya mwisho, ambayo kwa hesabu yake ilikuwa bado imebakiza wiki moja ndipo iiue.