Mkaguzi wa Magofu

Kila asubuhi kabla ya chai, binti mwongoza watalii aliwahesabu wageni wake kwa ncha ya kalamu, mmoja mmoja, wakiwa wamejipanga mbele ya bweni la mabati. Kumi na mmoja. Siku ya pili, kalamu iliishia kwa wa kumi.

Akahesabu tena kuanzia mwisho. Kumi.

"Kasuku, umeshapoteza mtu?" mpishi alimtania kutoka dirisha la jiko. Kasuku ndilo jina alilompa, kwa kuwa binti alikuwa amekikariri kijitabu cha maelezo cha ofisi chote, mpaka mikato yake. "Uombe Mungu asiwe yule mtu wao."

Mtu wao alikuwa mkaguzi. Ofisi ya mambo ya kale ilikuwa na mtindo wa kumpenyeza mtu wake miongoni mwa wageni. Alale bweni lilelile, ayazunguke magofu ya kisiwa siku nne, kisha aandike ripoti. Waongozaji wawili waliomtangulia binti walifukuzwa kwa kosa moja: mgeni alivuka kamba, wao wakabaki kumtazama. Binti alikuwa kwenye mwezi wa tano wa majaribio. Kule nyumbani, mama yake alishautangazia mtaa mzima kuwa mwanangu kaajiriwa, na barua ya ajira hata haijaandikwa.

Aliyepungua alimkuta ndani ya gofu la kwanza. Alikuwa bibi mwembamba mwenye kofia pana, kavunja kitawi cha mti na anafagia mlangoni.

"Bibi jamani, tumekutafuta!"

"Hapa hapajafagiwa," bibi alisema bila kugeuka.

Ndiye huyu, binti aliwaza. Nani mwingine angekuja kisiwa kisicho hata na duka, aanze kwa kukagua usafi?

Tangu hapo macho yake yakawa kwa bibi tu. Wageni wengine walipiga picha. Baba mmoja wa miwani alisinzia kila walipoketi. Bibi yeye alishika. Alipapasa kuta, akachomeka vidole kwenye nyufa. Sheria ilikataza, lakini nani wa kumfunga paka kengele? Kwenye mlango ambao boriti yake ya juu ilishaanguka, aliinama kidogo kabla ya kupita. Siku ya tatu, katikati ya nyasi ndefu, aliwaambia wenzake, "Shikeni kulia, kuna shimo." Shimo lilikuwepo. Kijitabu hakikulitaja.

Ana ramani za ofisi huyu, binti aliwaza.

Walipofika kwenye chumba chenye tundu ukutani, alikariri: "Hapa watu wa kale waliabudu mwezi. Nuru yake iliingia kwa tundu hili."

"Nani kawaambia?" bibi aliuliza.

"Kijitabu, Bibi."

"Na kijitabu kilimuuliza nani?"

Wageni wakaangua kicheko. Binti naye akacheka, kicheko cha mtu aliyekosa pa kujificha. Mchana alijifungia stoo, katikati ya magunia ya mkaa, akakipekua kijitabu ukurasa kwa ukurasa. Hapakuwa na mahali palipoandikwa aliulizwa nani.

Mpishi alimpelekea kikombe cha chai mpaka mlangoni. "Usimbishie. Akisema nyeupe, nyeupe. Umebakiza siku moja tu, Kasuku wangu, usilie kwenye mkaa, utatoka na masizi."

Siku ya nne walimalizia Nyumba ya Kafara. Vyumba vyake viwili vilizungushiwa kamba nyekundu, na katikati ya uwanja palikuwa na jiwe bapa lenye mbonyeo. Amri ya hapo haikuwa na mjadala: mgeni akivuka, mwongozaji apulize filimbi, mlinzi aje amwondoe huyo mgeni moja kwa moja hadi kwenye boti.

Bibi alivua viatu. Akaviweka sambamba kando ya kamba, akavuka, akaenda kuketi juu ya jiwe.

Binti aliishika filimbi. Akiipuliza, amemdhalilisha mkaguzi mbele ya watu. Asipoipuliza, amevunja amri mbele ya mkaguzi huyohuyo. Akafanya kitu pekee alichokijua.

"Juu ya jiwe hili," alikariri, "watu wa kale walichinja kafara. Wakazi wa mwisho wa kisiwa walitoweka miaka mia tatu iliyopita, na mpaka leo hakuna ajuaye walikwenda wapi."

Kule nyuma, baba wa miwani leo hakuwa amesinzia. Alitoa kitambulisho mfukoni, akakivaa shingoni. Kilikuwa na nembo ya ofisi.

"Puliza filimbi, binti," alisema taratibu, akifungua daftari. "Nakusubiri wewe."

Binti alimtazama yeye, akamtazama bibi. Akaitia filimbi mdomoni. Pumzi haikuja. Akaitoa.

"Kumbe si wewe," alimwambia bibi, machozi yakimlengalenga. "Kazi yangu ndiyo inakwenda hivyo. Basi niambie angalau, Bibi, wewe ni nani?"

Bibi aliupapasa mbonyeo wa jiwe, polepole, kama mgongo wa mtoto anayelala.

"Hapa mama alikuwa akitufulia nguo," alisema, kwa sauti ya kusikika na wote. "Hatukutoweka, mjukuu wangu. Tulitolewa na askari, sufuria zikiwa bado motoni."