Programu Iliyokula Kuku

Kuku watatu wa Bi Febronia walikuwa wamepotelea ndani ya kompyuta.

"Shikamoo mama," alianza Zefania.

"Marahaba. Kuku wangu wako wapi?" Bi Febronia hakuwa mtu wa kuzunguka.

Tangu serikali iruhusu kila mtu kufanya biashara yake, mama huyu alikuwa amefungua mabanda matatu ya kuku, akiyaendesha kwa simu kutoka Singida mjini. Kila banda lilihesabu kivyake. Issuna walijaza jedwali la kompyuta, Kiomboi walikuwa na programu kuukuu iliyohesabu kuku kwa jozi, Mwankoko walituma ujumbe wa simu. Zefania ndiye aliyeunda programu ya kukusanya yote ofisini. Kila banda alilitengenezea adapta, yaani kipande cha kusoma hesabu za huko na kuzigeuza ziwe za aina moja. Alikwenda kuzifunga mwenyewe katika kila banda, na alijivunia kweli.

Sasa hesabu zilikuwa zimegoma. Ukijumlisha waliouzwa na waliobaki, kila banda lilipungua kuku mmoja.

"Kabla ya adapta zako sikupoteza hata kifaranga," alisema Bi Febronia. "Programu yako inakula kuku. Usipoitengeneza wiki hii, utarudi nayo kwenu Manyoni."

Zefania aliogopa. Manyoni nzima alikuwa ameshaitangazia kwamba amepata kazi ya kompyuta.

Akaenda Issuna. Mathayo, msimamizi wa banda, alimpokea vizuri, wakala kwanza, ndipo Zefania akaipekua adapta mstari kwa mstari. Haikuwa na kosa. Jioni Issuna ikapungua kuku mwingine.

Akaenda Kiomboi. Huko nako walimkirimu, jozi zikasomeka sawasawa, adapta ikageuza sawasawa. Jioni Kiomboi ikapungua. Issuna, ambako hakukanyaga siku hiyo, hesabu zilitulia tuli.

Kila alikokwenda, kosa lilikwenda naye. Akakata shauri kwamba hicho ni kirusi, na kwamba anakisambaza mwenyewe kwa flashi yake. Akaitupa chooni.

"Kirusi," Bi Febronia alirudia, akimtazama juu hadi chini. "Basi kesho twende wote Mwankoko. Nikikiona kwa macho yangu, kazi utabaki nayo."

Asubuhi wakafika. Zefania alifungua kompyuta, na Bi Febronia akamsimamia begani asipitwe na kitu. Kabla hajagusa hata kitufe, Mama Redempta, msimamizi wa banda, alikuja mbio akiwavutia viti, kisha akageukia jikoni na kupaza sauti.

"Jenipher, leo fundi kaja na mama mwenyewe. Usikamate kuku mmoja, kamata wawili."