Mpigaji Aliyefichwa

Mjinga wa siku ile alikuwa Shekue, na ujinga wenyewe aliutafuta kwa bidii.

Shekue aliandika habari za muziki gazetini. Alikuwa ameisikiliza mara tatu santuri mpya ya kundi la Mvumo, wazee waliopiga vinanda vya umeme tangu yeye hajaota meno. Nyimbo zilikwenda taratibu, besi nzito na mwangwi unaoondoka na kurudi. Lakini chini kabisa, katika kila wimbo, ilidunda ngoma kavu isiyochoka. Hapa pana jambo, akawaza. Vikongwe hawa wamemkodi kijana, kisha wamemficha!

Akamwita Bi Mwanaheri, kiongozi wa kundi, aje kwake, katika nyumba aliyohamia juzi tu.

"Shikamoo, bibi. Kesho naandika kwamba mnawadanganya watu. Nani anapiga ngoma hii?"

"Marahaba. Ngoma ipi? Safari hii hatukutia ngoma kabisa."

"Hiyo hapo!" Shekue akaionyesha santuri iliyokuwa ikizunguka. "Tena ndicho kitu pekee chenye uhai humu."

Bi Mwanaheri akatega sikio. Akapitisha kidole juu ya jalada la santuri, akakitazama: kimekuwa cheupe. Akainua sindano. Muziki ukanyamaza, ngoma ikaendelea kudunda, na vikombe mezani vikitetemeka nayo.

"Muandike tu, mwanangu," akasema huku akijitanda mtandio. "Anaitwa mashine ya kusaga, yuko hapo nyuma ya ukuta wako. Na ukienda kumhoji, usiende mikono mitupu. Chukua mahindi."