Mtihani wa Mapipa Mawili

Mama alivua viatu, akapanda kitanda cha karavani, akafumba macho.

"Haya, mzee, pika chai."

"Gesi hamna."

"Jifanye unapika!"

Mzee akagonga sufuria jikoni, akafungua kabati, akalifunga kwa kishindo. Mama akafumbua jicho moja. "Hapana. Hii ndogo mno. Mtu akikoroga sukari, mwenzake anaamka. Tuone ile kubwa."

Mojalefa alicheka mpaka akasahau shida yake. Alikuwa muuzaji wa yadi hiyo ya Bloemfontein, yadi ya karavani, zile nyumba za magurudumu, na magari ya kuzivuta. Wastaafu kama hawa walimjia kila wiki, wawili wawili. Lakini shida yake haikukawia kumrudia. Jana mpenzi wake Nthati alimwambia bila kupepesa macho: kufikia saa kumi leo anataka jibu la ndoa. Akinyamaza, yeye anakubali uhamisho wa kwenda kufundisha Durban, na asimtafute tena.

Kumpenda, Mojalefa alimpenda, tena sana. Ila miaka sita wimbo wake ulikuwa uleule: bado hatujajuana vya kutosha. Kazi ndiyo iliyomharibu. Hapo yadini hakuna kufunga karavani kwenye gari kabla ya kujua uzito wa vyote viwili, na Mojalefa aliona mke na mume nao ni vivyo hivyo.

Ile kubwa mama aliipenda papo hapo. Ina choo, ina sinki, ina chumba cha wageni. Tatizo ni pikapu aliyoing'ang'ania mzee, nyekundu, ndogo, inayong'aa.

"Mama, karavani hii ukijaza maji na vyombo inafika tani mbili," Mojalefa alieleza. "Gari likiwa jepesi kuliko mzigo, kwenye mteremko mzigo ndio unaoliendesha gari. Ama karavani ipungue, ama gari liongezeke."

"Gari liongezeke," akasema mama.

"Karavani ipungue," akasema mzee, kwa wakati mmoja naye.

"Na hiyo nyekundu ya nini? Unatafuta wasichana?"

"Na wewe choo cha nini? Vichaka vyote vya nchi hii vimejaa?"

"Kwa magoti haya nichuchumae kichakani? Nani ataniinua?"

"Nitakuvuta na gari."

Mama akaangua kicheko, mzee naye akamfuata. Kwa wazazi wa Mojalefa, maneno kama hayo yangeleta siku tatu za kununiana. Hawa hata dakika tano hawakumaliza. Mama akaachana na chumba cha wageni, akachukua karavani ya kati, yenye choo. Mzee akaipapasa boneti ya ile nyekundu kuiaga, akachukua pikapu kubwa ya dizeli, nyeupe kama ya serikali.

"Karavani nalipa mimi," akasema mama.

"Na gari ni langu," akasema mzee. "Ila nakuonya, mimi nakoroma."

"Sura yenyewe inakoroma."

"Ukinikorofisha njiani nafungua hicho chuma cha kuungia, nakuacha hapo na karavani yako."

"Niache tu. Chakula kitabaki nami huku nyuma."

Mojalefa alitamani kuandika pembeni. Kumbe kila mtu na chake, na utani juu!

Lakini kanuni ya yadi ilikuwa moja: hakuna karatasi wala funguo kabla ya mtihani. Mmoja anashika usukani, mwenzake anasimama nyuma kumwelekeza, na karavani inarudishwa kinyumenyume katikati ya mapipa mawili. Hapo Mojalefa alishaona mengi. Kuna mke na mume walioondoka kwa teksi mbili.

Simu ikalia mfukoni. Nthati: "Imebaki robo saa."

Pipa la kwanza likaenda chini.

"Nimesema kushoto!" mama akapiga kelele.

"Kushoto kwako au kwangu?"

"Kwani Mungu aliumba kushoto ngapi?"

Mzee akashuka, akalisimamisha pipa, akarudi garini. "Basi usiseme kitu. Nionyeshe tu."

Mama akasogea mahali anapoonekana kwenye kioo cha pembeni, akainua mkono. Kidole kikienda huku, usukani ukaenda huku. Ngumi ikifumbwa, gari likasimama. Karavani ikaingia taratibu katikati ya mapipa, isiguse hata moja.

Mojalefa akapiga makofi. Jamani, hivi ndivyo watu wanavyokuwa wakishajuana! Hawa nao walianza siku moja, wakavumiliana, wakafika hapa. Yeye anangoja nini? Akatoa simu, akaandika: "Ndiyo. Tuoane. Nisamehe kwa kukuchelewesha." Ilikuwa saa kumi kasoro dakika mbili.

Jibu likaja upesi. "Nani kakuloga leo? Nakuja hapo. Nalia, mjinga wewe."

Mojalefa alikimbia hadi kwa wale wazee, akawashika mikono wote wawili. "Mmeniponya! Nilikuwa naogopa kuoa, nikawatazama ninyi leo, nikakubali. Mchumba wangu yuko njiani, lazima awaone. Nimwambie ndoa yenu ina miaka mingapi?"

Mzee akamtazama mama. Mama akaanza kutikisika mabega, kicheko kikamshinda.

"Ndoa? Mwanangu, mimi nimekuja kutafuta karavani, wala sina gari. Huyu nimemkuta langoni kwenu saa mbili asubuhi, anatafuta gari la kuzungukia nchi na hana pa kulala, tukaunganisha safari." Akajifuta machozi, akamgeukia mzee. "Hebu mwambie kijana unaitwa nani, na mimi nisikie."