Pumzi Kabla ya Mngurumo

"Rudisha tena," alisema Maman Kahambu, akiegemea ufagio.

Florent akarudisha wimbo wa tatu wa CD. Magitaa yakapigwa kwa fujo, yakanyamaza, mwimbaji akavuta pumzi ndefu. Kabla hajanguruma, mama akainua mkono.

"Hapo. Simamisha."

"Maman, mbona haungojee aimbe?"

"Kuimba yake ni kelele tu."

Ilikuwa mwaka 2010, katika duka la CD huko Ixelles, Ulaya. Florent, mtu wa Lubumbashi, aliuza muziki ambao Wakongo wenzake waliuita wa shetani. Maman Kahambu alisafisha duka kila asubuhi. Tangu mwanawe Doudou afie hospitali ya huko Machi 2008, akazikwa kwao Butembo, alikuwa hana mtu wa kumwambia bonjour ila Florent.

CD hiyo aliiona akipangusa vumbi. Alisoma kijitabu chake chote, hata majina ya kushukuriwa. Mwisho wa majina palikuwa na tarehe tupu: 9 Machi 2008. Florent alidhani ndiyo siku bendi ilipoanza.

"Ni albamu yao ya kwanza," alimwambia. "Ilichelewa, mwimbaji alikuwa mugonjwa wa kifua. Donc, yaani, nyimbo zote ni za Waviking, watu wa kale wa kaskazini. Mukubwa akikufa, wanamulaza ndani ya mashua, wanachoma."

"Muntu muzima? Hawabakize kitu?"

"Hata mufupa, maman."

Mama akafagia mahali pamoja mara tatu. Kisha akauliza bendi itakuja lini.

Walikuja Jumamosi kutia sahihi CD zao. Mstari wa watu wenye nguo nyeusi ulifika mpaka nje, na katikati yao kitenge kimoja cha manjano. Florent akamkimbilia.

"Maman, tafazali. Usimufukuzie mwimbaji mashetani hapa, watanifukuza kazi."

"Mashetani gani? Niko na neno moja ya kumuomba. Akikataa, naenda kwangu."

"Na akikubali?"

Mstari ukasogea, naye akasogea.

Mwimbaji, Wouter, alikuwa Mzungu mwenye ndevu nyekundu hadi kifuani. Akamuuliza kwa Kifaransa aandike jina gani.

"Usiandike. Simama, mwanangu. Vuta pumzi kama kwenye wimbo wa tatu."

Watu wakacheka. Wouter naye akacheka, lakini akasimama. Mama akasogea, akaweka sikio kwenye kifua chake. Kijana akavuta pumzi, ndefu, akaishikilia.

"Bado," mama akanong'ona. "Bado kidogo."

Hakuna aliyecheka tena. Florent akasogea amwondoe, akamwona amefumba macho, akarudi nyuma.

Kule Butembo ukoo mzima ulilililia sanduku la Doudou, na mpaka leo mama yake hajathubutu kumwambia yeyote kwamba, kwa ruhusa yake, lilifika bila mapafu.