Picha Elfu Mbili za Nyanya

Zikiwa zimebaki siku tatu mashindano ya vyuo yaanze, roboti ya kundi la Tunu ilinyoosha mkono, ikachuma nyanya mbichi na kuiweka kwenye kapu la zilizoiva. Ikarudia tena, na tena.

"Programu haina kosa," alisema Tunu, kiongozi wao. "Nimeipitia mstari kwa mstari. Kamera nayo nzima."

Mbaraka alijua kosa lilipo. Yeye ndiye aliyepewa picha elfu mbili za nyanya aandike ipi imeiva na ipi mbichi, ili roboti ijifunze kwazo. Aliandika kwa kubahatisha, akitazama ukubwa. Tangu utotoni nyekundu na kijani kwake zilifanana, na aliogopa kuachwa nje ya kundi akisema.

"Kosa ni langu," alisema. "Nyekundu na kijani mimi sizitofautishi."

Tunu akavuta kiti hadi ubavuni pake, akafungua picha ya kwanza kwenye kompyuta.

"Nitakutajia, wewe andika."

"Zote elfu mbili?"

"Imeiva," alisema Tunu, macho kwenye picha. Mbaraka akaandika.