Leo Mtandao Ni Mzuri

Siku hizo simu ya video ilikuwa haikatiki. Mtandao ukisumbua, ruta, kile kisanduku cha intaneti cha nyumbani, ilichukua sura na sauti ya mtu, ikaendeleza mazungumzo kwa niaba yake. Nyumbani kwa Salha mtandao ulisumbua kila siku, naye akazoea kuiacha simu iongee huku yeye akikunja nguo.

Jumamosi moja alikosa utulivu, akisikia sauti yake mwenyewe ikicheka jambo asilolijua. Akaitoa ruta nyuma ya jokofu, akaipandisha juu ya kabati sebuleni, kisha akampigia mama yake Pangani. Picha ilikuja safi kabisa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona leo umebadilika?"

"Leo ni mimi mwenyewe, mama. Mtandao umetengemaa."

Mama akamkazia macho. "Hujaniuliza mguu."

"Mguu umefanyaje?"

"Nilivunjika mwezi wa tatu, mwanangu. Tulilia wote wawili."

Mama akajitanda khanga vizuri, kama aliyefikiwa na mgeni.

"Basi nitakupigia kesho," akasema kwa upole. "Pengine mtandao utakuwa mbaya."